Kwa nini hesabu inanipotea mtu akinisemesha?

Swali: "Jambo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nina meza yangu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, nabadilisha dola na franka, nauza na mayunite ya simu. Shida yangu ni kichwa. Nikiwa nahesabu noti, mtu akiniuliza tu 'Mama, dola leo ni ngapi?', hesabu yote inapotea, naanza upya. Juzi nilichunguza noti ya dola vizuri kabisa kama haijapasuka, nikaipokea, nikatoa franka za dola mia. Jioni nakuta ilikuwa ya hamsini. Mtoto wangu ananiita akiwa pembeni yangu, simsikii. Lakini mtu akitaja jina langu ng'ambo ya barabara, nasikia. Mume wangu anasema nafanya makusudi. Usiku nikifungua Biblia nafika mwisho wa ukurasa, sijui nimesoma nini. Je, akili yangu imeanza kuharibika? Mama wa Katuba."

Jibu: Mama wa Katuba, jambo sana. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna mambo manne: hesabu inayopotea, noti ambayo macho yaliiona na akili haikuiona, mtoto asiyesikika, na ukurasa uliopitiwa bila kusomwa. Yote yanahusu umakini, ila kila moja lina sababu yake, na dawa yake pia. Kwanza nikutoe hofu: kwa haya uliyoyaandika, sioni akili inayoharibika. Naona mama mwenye umakini wa kawaida, anayefanya kazi inayoudai umakini huo kuliko kazi za watu wengi wenye ofisi na mlango wa kufunga.

Kila sekunde macho, masikio na ngozi vinaleta ubongoni habari nyingi kuliko ubongo unavyoweza kushughulikia. Kwa hiyo ubongo unachagua. Kinachochaguliwa kinapata nguvu, vingine vinafifishwa. Watu wengi wanadhani mtu makini ni yule anayeona kila kitu. Ukweli ni kwamba anayekazia kitu kimoja ndiye anayekosa mengine zaidi, tena hajui kwamba ameyakosa, maana kisichochaguliwa mara nyingi hakimwachii alama anayoitambua. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, nyumbani na sokoni: "Uliangalia, ukakosaje kuona?" "Nilikuwa karibu, ukakosaje kusikia?" Anayeuliza anasema kweli, na anayeulizwa naye anasema kweli.

Tuanze na hesabu. Unapohesabu noti, vidole vinasogeza karatasi, lakini anayeshika namba ni sauti yako ya ndani, iwe unahesabu kwa Kiswahili au kwa Kifaransa kama wengi hapa mjini. Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliandika mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu hii ya muda mfupi tunayoitumia kazini. Sehemu yake inayoshika sauti ni ndogo sana: kinachoingia humo kinafifia kwa sekunde kama mbili usipokirudia kimoyomoyo. Ndiyo maana unahesabu huku midomo ikichezacheza. Ukiacha kurudia, namba imekwenda.

Sasa, sehemu hiyo ina udhaifu mmoja: maneno ya watu huingia humo bila kubisha hodi. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Colle na Welsh, waliwapa wanafunzi herufi za kukariri huku mtu akisikika anasoma Kijerumani. Wanafunzi hawakujua Kijerumani, na waliambiwa wasijali sauti hiyo. Makosa yaliongezeka hata hivyo. Miaka michache baadaye Pierre Salamé na Baddeley walionyesha kwamba makelele yasiyo maneno hayaharibu kiasi hicho. Kwako wewe maana yake ni kwamba jenereta ya jirani, hata ikinguruma kutwa, haikuharibii hesabu kama mtu mmoja anayesema taratibu kando ya meza yako. Na redio pia: watafiti haohao waligundua kwamba muziki wenye mwimbaji unavuruga zaidi kuliko wa magitaa matupu. Nisingekuambia uzime redio siku nzima, soko bila muziki ni refu. Lakini wakati wa kufunga hesabu, izime.

Mteja anayeuliza bei ya dola anafanya jambo baya zaidi ya kusema tu. Anakudai namba. Ili umjibu, lazima uitafute namba nyingine kichwani na kuitamka kwa sauti ileile iliyokuwa imeshika thelathini na saba. Sauti moja haiwezi kushika namba mbili. Hata mtu mwenye akili ya kupindukia angepoteza hesabu hapo.

Kwa hiyo usijaribu kukaza kichwa zaidi. Itoe namba kichwani uiweke mezani. Hesabu noti kumi, ziweke chini kwa urefu. Kumi zinazofuata ziweke juu yake kwa upana, kama msalaba. Endelea hivyo, urefu, upana, urefu. Mtu akikukatiza, kilichopotea ni zile chache zilizo mkononi tu, hazifiki kumi. Za mezani zinajisema zenyewe. Wenye kubadilisha pesa kwa miaka mingi wanafanya hivi bila kufundishwa na mtu wa saikolojia, na mimi naona wametuzidi. Pili, andika kiwango cha siku kwa herufi kubwa kwenye kipande cha katoni, kielekee kwa wateja. Swali linalokusumbua kuliko yote litakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. Tatu, mtu akikusemesha katikati ya kumi, inua kiganja, maliza kumi yako, weka chini, kisha mjibu. Mteja atasubiri. Akiona unahesabu kwa utaratibu atakuamini zaidi, kwa sababu pesa hiyo ni yake pia.

Sasa noti ya hamsini. Hili limekuumiza, naliona katika barua yako, maana ni pesa ya watoto. Sisi sote hapa Kongo tunajua noti ya dola yenye mpasuko mdogo inavyokataliwa kila mahali. Macho yako yamezoea kwenda pembeni mwa noti: kona nne, ukingo wa juu, ukingo wa chini, mkunjo wa katikati. Ulikuwa unatafuta mpasuko. Na mtu anayetafuta kitu kimoja anaweza kuwa kipofu kwa kitu kingine kilichomkaa mbele ya macho.

Mwaka 1999 Wamarekani Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya vijana wanaorushiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila anaingia, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya waliotazama hawakumwona. Walipoonyeshwa tena baadhi yao hawakuamini kwamba ni video ileile. Unaweza kusema: hao ni watu tu, hawakuwa na ujuzi. Basi mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake waliwachukua madaktari 24 bingwa wa kusoma picha za skana, wakawapa picha za mapafu watafute vivimbe vidogo, na ndani ya picha wakaweka umbo la gorila lililozidi ukubwa wa kivimbe cha kawaida mara 48. Madaktari 20 kati ya 24 hawakuliona. Mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba wengi wao waliangalia palepale lilipokuwa. (Sisi wenye gorila wa kweli kule Kahuzi-Biega na Virunga tungeweza kujidai kwamba lisingetupita. Lingetupita.)

Vitabu vingi vinafananisha umakini na tochi gizani: unapomulika unaona, mahali pengine huoni. Mfano huo unasaidia, lakini usiushike sana, kwa sababu ungekufanya ujilaumu: "Tochi ilikuwa juu ya noti, nilikosaje namba?" Mwaka 1975 Ulric Neisser na Robert Becklen waliweka video mbili moja juu ya nyingine kwenye kioo kimoja. Katika moja watu wanacheza mpira, katika nyingine wanacheza mchezo wa kupigana makofi mikononi. Aliyeambiwa afuate mpira aliufuata bila shida, na mambo ya ajabu yaliyotokea katika mchezo wa pili mengi yalimpita, ingawa michezo yote miwili ilikuwa mahali pamoja, mbele ya macho yaleyale. Umakini hauchagui mahali peke yake. Unachagua kitu, na unachagua swali. Swali lako lilikuwa "imepasuka?" Swali la "ni ngapi?" halikuulizwa, ingawa jibu lilikuwa chini ya kidole gumba chako. Tena noti za dola zote ni za ukubwa mmoja, hata mkono hauwezi kukushtua.

Dawa ni kuuliza maswali mawili, moja baada ya jingine, kila siku kwa mpangilio uleule. Kwanza thamani. Isome, itamke mbele ya mteja: "Umenipa hamsini." Hapo mteja anakuwa shahidi, na sikio lako linapata nafasi ya kukamata kosa ambalo jicho limeliacha. Baada ya hapo ndipo ugeuze noti, ukague kingo zake. Usifanye yote mawili kwa mtazamo mmoja kwa sababu eti umezoea. Wale madaktari 24 nao walikuwa wamezoea.

Jambo la kubadilisha kazi nalipitia haraka. Unatoka dola unaingia franka, unatoka franka unamtumia mtu mayunite, unarudi. Kila mageuzi yana gharama. Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha mwaka 1995 kwamba gharama hiyo inabaki hata mtu akijua mapema kwamba kazi inabadilika na akapewa muda wa kujiandaa. Na Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba kazi iliyoachwa nusu inaendelea kushikilia sehemu ya mawazo wakati uko kwenye nyingine. Kwa hiyo maliza mteja mmoja mpaka mwisho, mtoe, kisha mwingine. Namba za simu zisome mbili mbili kwa sauti, mwenyewe akithibitisha, ndipo ubonyeze. Simu yako ya kazi lazima ilie, siwezi kukuambia uizime. Lakini simu yako binafsi yenye ujumbe wa kanisa na wa familia ikae kwenye mfuko bila mlio: utafiti wa mwaka 2015 wa Cary Stothart na wenzake ulionyesha kwamba mlio wa ujumbe tu, hata usipougusa, unaongeza makosa katika kazi inayodai umakini.

Mtoto asiyesikika na jina linalosikika ng'ambo: hapa nataka mume wako asome pia. Mwingereza Colin Cherry mwaka 1953 aliwavalisha watu vipokea sauti, maneno tofauti kila sikio, akawaagiza warudie kwa mdomo ya sikio moja. Ya sikio la pili hawakuweza kueleza karibu chochote. Walijua kama sauti imebadilika kutoka ya mwanaume kuwa ya mwanamke, lakini lugha ikibadilika kuwa Kijerumani wengi hawakutambua. Mwaka 1959 Neville Moray akaongeza jambo: akaweka jina la msikilizaji mwenyewe katika lile sikio lisilosikilizwa. Karibu theluthi moja walilisikia. Kwa hiyo jina lina nguvu ya kupenya. Lakini hesabu upande wa pili: theluthi mbili hawakusikia hata jina lao, nalo limesemwa ndani ya sikio. Kuna zaidi. Mwaka 2001 Andrew Conway na wenzake waligundua kwamba waliosikia jina lao walikuwa hasa wale wenye uwezo mdogo wa kushika mambo kichwani kwa wakati mmoja. Wenye uwezo mkubwa ndio waliokuwa viziwi zaidi, kwa kuwa walifaulu kuzuia kisichohusika.

Na macho yakishughulika sana, masikio nayo yanapungukiwa. James Macdonald na Nilli Lavie wa London walionyesha hilo mwaka 2011: watu waliopewa kazi ngumu ya kutazama walikosa sauti ambayo waliisikia vizuri kazi ilipokuwa rahisi. Mama anayekagua noti dhidi ya mwanga yuko katika hali hiyohiyo. Mtoto akisema "Mama" wakati huo, anatumia neno ambalo kila mtoto sokoni analitumia, kwa hiyo halina hata ile nguvu ya jina. Papa, mke wako hafanyi makusudi. Mtoto afundishwe kukugusa mkono kwanza, asubiri umwangalie usoni, ndipo aseme. Na wewe, papa, fanya vivyo hivyo: ukimwona anahesabu, simama mbele yake, mngoje aweke kumi chini. Nyinyi wawili mtapunguza maneno mengi kwa njia hiyo.

Imebaki Biblia ya usiku. Akili ya mtu isipobanwa na kazi ya nje hurudi kwenye mambo yake. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kupitia simu, katikati ya shughuli za siku, wanawaza nini. Karibu nusu ya nyakati hizo, asilimia 46.9, mawazo hayakuwa kwenye kile walichokuwa wakifanya. Utafiti huo ni wa mwaka 2010. Katika kusoma, macho yanaweza kuendelea na mistari wakati akili imeshatoka, na mtu anagundua baadaye. Si dhambi wala si ukosefu wa imani, naomba uliache wazo hilo kama umelibeba.

Lakini kwako nadhani kuna mawili yanayozidisha. La kwanza ni usingizi. Hukuniambia unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku. Mama mwenye meza sokoni na watoto wanne naweza kukisia. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake waliwaacha watu walale kwa muda wa saa sita tu kila usiku, siku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka siku baada ya siku mpaka wakafanana na watu waliokesha, na wao wenyewe walidhani wako karibu sawa. Ubaya wa usingizi pungufu ni huo: unaharibu kipimo ambacho ungekitumia kujipima. La pili ni wasiwasi wa pesa. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake waliwapima wakulima wa miwa wa India kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla. Wataalamu wanabishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, lakini jambo lenyewe naliona kila mwaka kwa wazazi wanaokuja kwangu Septemba, minervali, yaani karo ya shule, ikiwa haijakamilika: wanasahau, wanakosea, wanakasirikia watoto, kisha wanadhani wamerogwa au wamezeeka.

Kwa hiyo usisome mwishoni kabisa wakati mwili umeshachoka. Soma asubuhi mistari michache, kwa sauti, maana sauti inashughulisha mdomo na sikio na kuyanyima mawazo nafasi. Kabla ya kulala andika kwenye daftari madeni na mambo ya kesho. Yakiwa kwenye karatasi, kichwa hakilazimiki kuyarudiarudia. Na hesabu ya jioni usiifunge baada ya saa kumi za kukaa bila kusimama. Norman Mackworth, aliyechunguza askari wa Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, alionyesha mwaka 1948 kwamba uwezo wa kugundua mabadiliko madogo unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza ya kulinda, na kwamba mapumziko yanaurudisha. Inuka, kunywa maji, tembea hadi mwisho wa safu ya meza na kurudi, kisha hesabu.

Nilisema sioni ugonjwa. Ila kuna mambo hukuyaandika ambayo yangenifanya nikutume hospitali wiki hiihii: kama shida hii ilianza ghafla, au baada ya kuanguka na kuumia kichwa, au baada ya homa kali, kama unapotea njia katika mitaa unayoijua, kama unashindwa kutaja majina ya watoto wako au kuongea kunakuwa kugumu. Kama una huzuni au umekosa hamu ya kila kitu kwa zaidi ya majuma mawili, hilo nalo linakula umakini na linatibika. Upungufu wa damu pia unachosha akili, na kwa akina mama ni wa kawaida, kwa hiyo kipimo cha damu na cha presha si gharama ya bure. Masikio nayo yapimwe, kwa sababu kama humsikii mtoto hata ukiwa huna kazi mikononi, hapo tusilaumu umakini. Na kama ungekuwa na ule ugonjwa wa umakini unaosemwa sana siku hizi (ADHD), dalili zake zingekuwa zimeonekana tangu utotoni, kabla ya miaka 12. Hauanzi kwa mtu mzima aliyekuwa anahesabu vizuri miaka yote.

Jaribu mpango wa kumi kumi, katoni ya kiwango, na kutamka thamani ya noti kabla ya kukagua kingo. Baada ya mwezi niandikie, uniambie unalala kwa muda wa saa ngapi na shida hii ilianza lini hasa.